Swichi ya Kung'ata na Pengo la Baba

Usiku wa jana niliota swichi yangu imekaa juu ya mto, karibu na sikio langu, ikikataa kuingia mdomoni.

"Leo siingii," ikasema. "Kapige mswaki kwanza."

"Nimeshapiga."

"Piga tena. Hasira bado zimo."

Kabla sijaendelea, nieleze kazi yangu, maana hata shangazi zangu hawajaielewa. Ninawapiga picha watu wanaoruka na parachuti hapa Diani. Ndege inapanda futi elfu kumi na moja, mlango unafunguliwa, mteja anatoka akiwa amefungwa kifuani mwa mkufunzi, nami natoka pamoja nao. Kamera imekazwa juu ya kofia yangu ngumu. Mikono siwezi kuitumia, kwa sababu kule juu mikono ndiyo usukani, na ukiinua mmoja kutafuta kitufe unazunguka kama pia. Kwa hiyo nafyatua kamera kwa meno. Waya mwembamba unateremka kutoka kwenye kamera, unapita shavuni, unaingia mdomoni, na mwisho wake kuna kidude cha mpira kisichozidi punje ya haragwe. Hiyo ndiyo swichi ya kung'ata. Nimeing'ata miaka sita bila ugomvi wowote.

Ugomvi ulianza Alhamisi, siku Baba alipokuja kufanya mazoezi.

Baba yangu, Mzee Mwinyihaji Chirunga, ana miaka sabini na moja. Miaka arobaini alikuwa na studio ya picha Ukunda, nyuma ya soko. Amepiga picha nusu ya Wadigo wa huku na wageni wengi tu, lakini yeye mwenyewe ana picha moja, ya kitambulisho, mdomo kaufumba kama mtu aliyekatazwa kusema. Ana pengo mbele, juu kushoto, tangu ujana wake, na hapendi lionekane. Mama alimwomba picha moja tu akicheka. "Kesho," Baba akamwambia, na hiyo kesho ikachukua miaka thelathini. Mama alipofariki, Baba aliitundika picha yake sebuleni, kisha kando yake akapigilia msumari wa pili. Msumari huo hauna kitu mpaka leo.

Mwezi uliopita akaniambia anataka kuruka. Alikuwa amesikia kwamba upepo wa kule humfungua mtu mdomo apende asipende.

"Huko sitaweza kuufumba," akasema. "Na utapiga wewe."

Daktari wake wa presha alimruhusu mara moja, akarudia kwamba ni mara moja, akaandika hivyo kwa kalamu nyekundu. Mara yenyewe ni leo Jumamosi, saa tatu asubuhi.

Mazoezi ni mepesi. Baba analala kifudifudi juu ya benchi, mikono ameitandaza, miguu ameikunja nyuma, nami nasimama mbele yake na kofia kichwani. Alhamisi niling'ata, kamera ikapiga picha moja, kisha ikanyamaza. Nikabadilisha betri. Picha moja, kimya. Alasiri niliruka na mteja mwingine, nikarudi na picha mia moja na arobaini, zote safi. Ijumaa Baba akapanda benchi tena, na tena ikawa picha moja, kimya. Muthiani, mkufunzi atakayeruka na Baba, alicheka mpaka akakaa chini.

"Saumu, hiyo swichi yako yamwogopa mzee!"

Sikucheka. Nilibadilisha waya, nikabadilisha plagi, nikabadilisha kadi. Jioni nilikaa mezani na bisibisi mkononi nikalia kidogo, sitaficha. Picha ya Baba ilikuwa na nafasi moja tu duniani na mimi ndiye niliyekuwa nimeibeba, kwa meno. Kisha nikaenda kulala, na ndipo swichi iliponiagiza nikapige mswaki.

Nikapiga mswaki. Niliporudi, kitanda kilikuwa kimeshaanza kupaa.

Kilipita dirishani bila kugusa pazia. Nje kulikuwa mchana. Rubani alikuwa feni yangu ya chumbani, na alikuwa akiendesha huku anageuza kichwa kushoto na kulia, jambo ambalo lilinitia wasiwasi.

"Tazama mbele," nikamwambia.

"Natazama kote kwa zamu," akajibu. "Ofisi ya Hitilafu iko futi elfu saba. Shuka na shuka lako."

Nikashuka. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja kilichojengwa juu ya wingu, na mlangoni wameandika kanuni kwa wino mzito: TOA KIMOJA, JARIBU. RUDISHA, TOA KINGINE. Hati ilikuwa yangu. Kanuni hiyo nimeiandika mwenyewe kwenye kifuniko cha sanduku langu la vifaa, na nilijisikia vibaya kidogo kuikuta huku bila ruhusa.

Karani alikuwa plagi. Alivaa miwani na alikuwa ameketi upandeupande, hajazama vizuri kitini.

"Samahani," akasema, "nina tabia ya kuchomoka. Nisukume kidogo."

Nikamsukuma mpaka akalia *tak*. Akachangamka pale pale.

"Hitilafu gani?"

"Kamera inapiga picha moja tu. Na ni kwa Baba tu."

"Baba yuko?"

Kumbe yuko. Benchi lilikuwa katikati ya chumba na Baba amelala juu yake kifudifudi, mikono ameitandaza, kama Ijumaa.

"Umekula?" akaniuliza.

"Bado, Baba."

"Kuna mihogo nyumbani. Usiruke na njaa."

Karani akafungua faili. "Tunaanza. Tunatoa kiatu cha kushoto."

Akakitoa mguuni mwangu, akakitia kwenye droo. Nikang'ata. Picha moja, kimya.

"Tatizo lipo," akaandika. "Tunatoa Jumanne."

Akavuta Jumanne kutoka kwenye kalenda ya ukutani. Jumatatu na Jumatano zikasogea zikashikana mikono. Nikang'ata. Picha moja, kimya. Akairudisha Jumanne ikiwa imekunjamana, akaomba radhi. Akatoa harufu ya mvua. Akatoa jina la babu yangu, na kwa dakika nzima nikawa Saumu wa nani sijui. Akatoa rangi ya kijani, na nje ya dirisha minazi yote ikabaki na aibu. Kila mara nilipong'ata ilikuwa picha moja, kimya.

"Kimebaki kitu kimoja tu kwenye hii picha," akasema karani, akavua miwani. "Mzee."

Sikupata nafasi ya kujibu. Aligusa benchi kwa kidole, na Baba akawa hayupo.

"Jaribu."

Nilijaribu kwa sababu nimezoea kujaribu. Kamera ikapiga. Ikapiga tena. Ikapiga, ikapiga, ikapiga, picha mia mbili za benchi tupu, kila msumari wa mbao unaonekana.

"Hongera," akasema karani. "Hitilafu imeondoka. Weka sahihi hapa."

Nilitazama lile benchi. Mbao zilikuwa bado na unyevu wa viganja vyake. Katika maisha yangu sijawahi kukichukia kifaa kinachofanya kazi kama nilivyoichukia kamera ile.

"Mrudishe," nikasema.

"Akirudi, hitilafu inarudi."

"Na irudi. Mrudishe Baba."

"Dada, umekuja hapa kulalamika kuhusu swichi. Swichi sasa ni nzima."

"Nimekuja kuhusu Baba!"

Nilipaza sauti hivyo mpaka karani akachomoka kitini. Nikamsukuma tena, maana adabu ni adabu. Akavaa miwani, akasoma kanuni ya mlangoni mara mbili.

"Basi turudishe huyo, tutoe kingine," akasema polepole. "Na kilichobaki kutolewa ni wewe."

Akanishika nyuma ya sikio kwa vidole viwili, akanivuta, nikatoka.

Niko studio ya Baba.

Iko palepale nyuma ya soko, ila soko halipo na sakafu ni mawingu. Ukutani limetandazwa lile pazia la ndege, ambalo Wadigo wa rika langu wote wamepigwa picha mbele yake: ndege ya rangi nyeupe, madirisha hayalingani, mlango ni mdogo kuliko abiria. Mama yuko kwenye fremu yake, anajitengeneza leso. Kando yake uko ule msumari.

"Mgongo unaniuma," msumari unaniambia.

"Lakini hujabeba kitu."

"Ndiyo sababu. Kilicho na uzito unajua utakishika vipi. Hiki cha kwangu nakingoja tu, miaka mitano."

Katikati ya chumba, juu ya kigoda, ameketi Mwalimu Mwachirunje. Ukunda nzima inajua kisa chake. Baba alikuwa na desturi yake kazini. Akishakuweka sawa alisema "tulia", nawe ulitulia, hukupepesa jicho, hukuhema, mpaka amalize na aseme "haya". Hakuna mteja aliyethubutu kutikisika kabla ya "haya". Sasa siku moja alimwambia Mwalimu Mwachirunje "tulia", akapiga picha, mara adhana ya adhuhuri ikalia, Baba akafunga mlango akaenda zake msikitini, na kutoka huko akapitia kwa kinyozi. Alirudi alasiri, akamkuta Mwalimu palepale, macho mekundu, ametulia.

Hiyo ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita, na nilidhani aliambiwa aende nyumbani.

"Shikamoo, Mwalimu," nasema.

"Marahaba," anajibu bila kusogeza midomo. "Baba yako yuko karibu? Sitaki kuharibu picha."

Baba anatoka nyuma ya pazia. Amevaa ovaroli ya kurukia, nyekundu, na kofia yake ya kitambaa ya Ijumaa. Nafurahi kumwona. Ananyoosha mkono.

"Ilete hiyo swichi."

Nampa. Anaitia mdomoni.

"Baba! Hiyo imetoka mdomoni mwangu."

"Nimekutafunia muhogo ulipokuwa huna jino hata moja. Leo ndiyo nione kinyaa?"

Anaing'ata polepole, upande wa mbele, huku amefumba macho, kama alivyokuwa akisikiliza kamera zake za zamani. Anaitoa, anaifuta kwa ovaroli.

"Ina chumvi," anasema. "Lakini ni nzima."

"Haiwezi kuwa nzima. Inapiga moja tu."

"Kwa sababu umeing'ata moja tu. Uliing'ata Alhamisi, Saumu. Bado hujaiachia."

Nataka kubisha. Nagusa taya, nakuta meno yangu yamebana yote, juu na chini, na katikati yake hamna kitu. Nilikuwa nimezungumza ndoto nzima hivyo hivyo, na feni, na karani, na Mwalimu, kwa meno yaliyofungwa.

"Wateja wako wengine unang'ata na kuachia," Baba anasema. "Kamera inangoja uachie ndipo ipige nyingine. Mimi unaniona nimetandaza mikono, basi unang'ang'ania."

"Naogopa utaanguka."

"Nitaanguka, mwanangu. Si ndiyo tunayoiendea?"

Ni kweli, imeandikwa hata kwenye fomu.

"Muulize ni tangu lini," swichi inasema kutoka mkononi mwake.

"Tangu lini?" Baba ananiuliza.

Mama, kwenye fremu, ameacha kujitengeneza leso.

"Tangu Mama," nasema, na nalia, na kulia ukiwa umekaza meno ni kazi ngumu sana. "Wewe ndiye uliyebaki. Nikikutazama tu, najikuta nimekushika. Hata ukivuka barabara kwenda dukani nakuwa nimekaza."

Baba haniambii nisilie. Ananishika shavu, pale waya unapopita, na kidole gumba chake kina ile harufu ya dawa za kusafishia picha ambayo haijatoka tangu afunge studio.

"Kazi yetu ina maneno mawili," anasema. "'Tulia' kila mtu analiweza. Mimi mwenyewe nilishawahi kulisahau la pili, unajua."

Anageuka.

"Mwalimu! Ungali hapo?"

"Nipo."

"Nisamehe, ndugu yangu. Haya."

Mwalimu Mwachirunje anapepesa macho. Anapepesa yote ya miaka kumi na tisa kwa mpigo, na upepo wake unaangusha vikombe vya brashi. Anasimama, anainyoosha suruali, anachukua mkoba wake wa madaftari.

"Nilidhani haikutoka vizuri," anasema kwa upole. "Ahsante. Nina kipindi cha hesabu."

Anainama, anafungua ule mlango mdogo wa ndege iliyochorwa kwenye pazia, anatoka. Upepo unaingia ndani. Mlango umebaki wazi na nje ni futi elfu kumi na moja.

"Twende," Baba anasema.

Tunaanguka.

Baba yuko mbele yangu, mikono ameitandaza, mgongoni kwake amefungwa Muthiani ambaye amelala fofofo. Mbingu ni ya buluu na haina sauti. Upepo unakuja, unavua kofia kwa heshima.

"Samahani, Mzee. Naomba nifungue."

"Fungua."

Upepo unamfungua Baba mdomo kwa mikono miwili, taratibu, kama fundi anayefungua saa. Pengo linatoka nje mchana kweupe kwa mara ya kwanza tangu ujana wake. Ni dogo. Nilikuwa nimelifikiria kubwa zaidi, kwa jinsi alivyolificha. Baba anahisi baridi imepita pale, anashtuka, kisha anaanza kucheka.

Sijawahi kumwona akicheka hivyo. Mashavu yanapepea, macho yanatoa machozi yanayopanda juu badala ya kushuka. Nang'ata. Kamera inapiga. Kisha taya inakaza, naisikia inavyokaza.

"Achia," inasema swichi.

"Nikiachia, ataanguka."

"Anaanguka. Na wewe unaanguka naye. Mwendo ni ule ule, hebu tazama."

Natazama. Baba yupo palepale, hatua mbili mbele yangu, anacheka.

Naachia.

Hakwenda popote. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Nang'ata tena, naachia tena. Kila nikiachia Baba anapiga kelele "haya!" na upepo unaipeleka huko juu, na nikirudi kung'ata ninamkuta anacheka zaidi. Nampiga kutoka chini, nampiga kutoka kando, nampiga akiwa amefumba macho. Kwa mbali kule ardhini nauona msumari. Umesimama wima katikati ya shamba, umenyoosha shingo.

"Baba," napiga kelele, "nimeipata!"

"Usiniambie! Piga nyingine!"

Nang'ata, naachia, na kitanda changu kinanidaka.

Nimeamka saa kumi na mbili kasorobo. Kofia ilikuwa juu ya kiti, nilipoiacha jana, na waya umening'inia. Kiatu cha kushoto sijakiona mpaka ninavyoandika haya, lakini sitaki kukifanya hoja, mimi hupoteza viatu.

Niliichukua swichi ili nikate kiu yangu ya kuijaribu. Kabla sijaitia mdomoni nikaisogeza dirishani. Ule mpira ni mpya, niliuvisha mwenyewe jana jioni na sikuwa nimeung'ata bado. Juu yake kulikuwa na alama za meno. Alama moja, kisha nafasi tupu, laini, isiyoguswa, kisha alama mbili.

Nilipitisha ulimi kwenye meno yangu ya mbele. Yote yapo.

Jikoni maji yalikuwa yanamwagika. Nilikwenda mpaka mlangoni. Baba alikuwa ameinama kwenye sinki, ameshavaa shati lake zuri, anasukutua. Alitema, akasukutua tena, akatema.

"Umeamka?" akasema bila kugeuka. "Kuna mihogo hapo, ule. Mimi sijui nimelalaje, nina ladha ya mpira mdomoni."

Nilisimama pale na kile kidude kiganjani. Nilitaka kumwomba asiende. Nilitaka kumshika shati, kwa kweli mkono ulikuwa umeshafika kwenye pindo lake na vidole vimekaza.

Baba akajipangusa mdomo kwa taulo, akashusha macho kuutazama mkono wangu, akangoja kidogo.

"Haya," akaniambia.

Nikaachia.